Pua ya Msomaji Habari

Jumatatu, Septemba 1

Daktari amenitaka niandike. Kila siku niandike nimeamkaje, nimepiga chafya wapi, upepo ulitoka upande gani. Alinichorea na mistari kwenye karatasi, kama ninavyokumbuka kuchorewa darasa la kwanza. Nilipofika nyumbani nikaitazama ile mistari, nikaona haitoshi hata kwa asubuhi moja. Ndiyo maana nimenunua daftari. Daktari atasoma atakachotaka, na akichoka aruke.

Kazi yangu ni kusoma taarifa ya habari. Redio yetu ni ndogo, inasikika mji huu na vijiji vya pembezoni, basi. Lakini sauti yangu wanaijua hata wasionijua sura. Nikiuliza bei sokoni, muuzaji hugeuka akasema, "Kumbe ndiye wewe!" Bei haipungui.

Na msomaji habari huyu ana pua. Zamani ilikuwa ikinisumbua mwezi mmoja kwa mwaka, miti ya barabarani ikichanua. Napiga chafya zangu, naomba radhi, inaisha. Siku hizi miti inachanua itakapo, na pua inaifuata. Mwaka huu nimeanza Julai. Sijamaliza.

Jumanne, Septemba 2

Chafya tangu alfajiri. Utabiri: mvua zinatarajiwa wiki hii. Nimeusoma mwenyewe, kwa sauti ya kuaminika.

Jumamosi, Septemba 6

Mama mkwe alifika jana. Paa la nyumba yake linatengenezwa, atakaa wiki mbili. Mume wangu alinijulisha kwa simu akiwa njiani, maana yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu na mambo mazito yote huniambia akiwa mbali. Watoto wako shule ya bweni. Kwa hiyo tumebaki wawili: mimi na mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ameamka kabla ya jogoo, ameshika ufagio mkavu, amefagia nyumba nzima. Vumbi lililokuwa limelala kwa amani chini ya makabati likaamka likaja kunisalimu kitandani.

"Mama, labda tungepiga deki tu, kwa kitambaa chenye maji," nikamwambia kati ya chafya na chafya.

"Deki bila kufagia ni kupaka uchafu, mwanangu."

Jumatano, Septemba 10

Aibu. Nilianza vizuri. Kwenye habari ya pili pua ikaziba ghafla kama bomba lililofungwa. "Mkuu wa mkoa" akawa "bkuu wa bkoa". "Wananchi" wakawa "wadadchi". Nikakaza, nikasema taratibu kwamba "bvua zidatarajiwa", na nyuma ya kioo nikamwona fundi mitambo amejiinamia, mabega yanatikisika.

Fundi mitambo tunamwita Kitufe, kwa sababu kidole chake hakitoki kwenye kitufe cha kuzima kipaza sauti. Ana kipaji kimoja: anaijua chafya yangu kabla yangu mwenyewe. Nikikunja tu uso, amezima. Wasikilizaji wanasikia kimya kidogo, wanadhani nageuza karatasi. Lakini pua iliyoziba haina kitufe.

Nyumbani nilimkuta Mama na redio yake mapajani.

"Leo ulikuwa unasoma lugha gani, mwanangu?"

"Ni mzio, Mama."

"Sisi tulikuwa na mafua. Tulipenga, tukaendelea kufundisha."

Alhamisi, Septemba 18

Umeme unakatika kila siku kwa sababu bwawa limekauka, kwa hiyo tunawasha jenereta. Jenereta Meneja ameliweka chini kabisa ya dirisha la studio, eti wezi wasilibebe. Moshi wake mweusi unaingia kwenye kiyoyozi, kiyoyozi kinaupoza vizuri, kisha kinaniletea usoni. Nje, barabara inapanuliwa na malori yanapita tangu asubuhi. Nilimfuata Meneja ofisini.

"Dada, hewa ni ya wote," akasema bila kuinua macho. "Mbona wenzako hawalalamiki?"

"Wenzangu hawafanyi kazi kwa pua."

"Kila mtu ana pua."

Nilitoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi.

Jumamosi, Septemba 20

Wiki mbili zimetimia. Fundi wa paa amemwambia Mama kwamba mbao zimepanda bei. Nilipiga chafya.

Jumapili, Septemba 28

Mvua! Jana na leo. Watoto wa mtaa wametoka uchi kucheza, watu wamesimama milangoni wanacheka na mbingu. Nimelala nikiwa napumua kwa matundu yote mawili ya pua. Kesho naanza kuishi.

Ijumaa, Oktoba 3

Mvua imetukimbia. Ilikuja kuonja tu. Imetuachia nyasi: uwanja ulio wazi nyuma ya kituo umeota mpaka vifundoni, na jua limerudi na hasira mpya. Utabiri: mvua zinatarajiwa wiki ijayo.

Jumapili, Oktoba 5

Lori la taka halijapita tangu Agosti. Leo nimerudi kutoka dukani nikakuta moshi umetanda ua mzima, na katikati yake Mama amesimama na fimbo, anachochea majani makavu, mifuko ya plastiki na, nadhani, kandambili moja.

"Mama, jamani! Moshi!"

"Moshi unafukuza mbu."

"Unanifukuza na mimi!"

"Basi kaa ndani, ufunge mlango. Taka nizile?"

Na hapo ndipo aliponishika. Nimepiga simu halmashauri mara ngapi? Wananiambia lori ni bovu. Nikamwambia tuzifukie, akaniuliza nani atachimba kwenye ardhi iliyokauka kama kigae. Nikakaa ndani, nikafunga mlango, na moshi ukapita chini ya mlango. Kifua kilibana mpaka nikaogopa kidogo. Hicho kibano cha kifua ni kipya. Zamani ilikuwa pua na macho tu.

Nilimpigia mume wangu. "Vumilieni," akasema. Nyuma yake nilisikia injini ya dizeli inanguruma. Nikamuuliza kama anajua kwamba moshi mwingine unaoniua ni wake. Akasema mtandao unakatika.

Jumanne, Oktoba 14

Nimeondolewa kwenye taarifa ya jioni. Jana chafya tatu mfululizo zilimshinda Kitufe. Alizima ya kwanza, akawasha, akapigwa na ya pili na ya tatu katikati ya tangazo la kifo. Familia ya marehemu ililalamika, na sikuwalaumu.

"Upumzike mpaka mafua yaishe," Meneja akasema.

"Si mafua."

"Hata hivyo."

Kumbe jioni yenyewe anaisoma nani? Meneja! Anasoma kana kwamba kila habari ni sheria mpya imepitishwa. "Bei. Ya nyanya. Imepanda." Mama alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio.

"Huyu naye anaumwa?" akauliza.

"Hapana, Mama. Huyu ni mzima."

Alitikisa kichwa. "Afadhali wewe na pua yako." Tangu afike, hilo ndilo neno la kwanza la upande wangu.

Jumatano, Oktoba 15

Hakuna mvua. Hakuna habari.

Jumatano, Oktoba 22

Nimempelekea daktari daftari. Alilisoma akacheka ukurasa wa mama mkwe, kisha akaacha kucheka alipofika penye kifua.

"Hii sasa ni pumu," akasema. "Mzio wa pua umeshuka chini."

Nikamwambia si haki. Sijavuta sigara hata moja maishani.

"Mji umekuvutia," akasema. Huyu daktari ni binti mdogo, lakini anaongea kama mtu aliyezaa tisa. "Njia zako za hewa ni kama ngozi iliyochubuka. Inachubuliwa na moshi wa magari, wa taka, wa jenereta, na vumbi la barabara. Halafu chavua, ule unga wa maua ya nyasi na miti, inakuja kama chumvi juu ya kidonda. Na joto hili linaifanya mimea ichanue mapema, na ichelewe kumaliza. Zamani kidonda kilipata muda wa kupona. Sasa hakipati."

"Kwa hiyo nihamie mwezini?"

"Kule hakuna hewa kabisa."

Amenipa inhela mbili, zile pampu ndogo za kuvuta. Moja ya kila siku, asubuhi na jioni, hata nikijisikia mzima. Ya pili, ya bluu, ni ya kufungua kifua kikibana. Amenionyesha kutoboa tundu kwenye kitako cha chupa ya maji, kuchomeka pampu pale, na kuvuta dawa kwa mdomo wa chupa taratibu, ili isiishie kooni.

"Nyie mnasubiri mvua?" akaniuliza nikiwa mlangoni.

"Nchi nzima inasubiri. Mvua ikinyesha yote haya yataisha."

Alitaka kusema kitu, lakini muuguzi akamwita.

Alhamisi, Oktoba 23

Mama ameiona inhela.

"Kitu hicho ukikianza hukiachi. Kifua kinakuwa kivivu."

"Daktari amesema—"

"Daktari ana umri gani?"

Nimevuta dawa yangu chooni kama mwanafunzi anayevuta sigara.

Jumamosi, Novemba 1

Leo asubuhi nimesikia chafya, nikajipangusa pua kwa mazoea. Haikuwa yangu. Ilitoka ua wa nyuma. Ikafuata nyingine, na nyingine. Nilipotoka nilimkuta Mama anafagia, macho mekundu, kitambaa begani.

"Una mafua, Mama?"

"Vumbi tu."

"Macho yanakuwasha?"

"Macho ya mzee huwasha."

"Na usiku nimekusikia ukikohoa."

"Ulikuwa unaota."

Nikamwambia twende wote kwa daktari. Akaniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Ni kweli nimekosa, maana siku hizi nasoma matangazo ya vitu vilivyopotea tu. Lakini ile "hapana" yake ilinichoma. Mwanamke mzima, msomi, anajikuna macho mpaka yanavimba, na anayedeka ni mimi!

Jumatatu, Novemba 10

Nimerudishwa jioni. Ijumaa Meneja alipatwa hewani. Alisema "Bei. Ya," kisha ikatoka chafya ambayo ingeweza kuwasha lori. Kitufe anaapa kwamba kidole kiliteleza. Sijawahi kuona kidole chake kikiteleza.

"Vumbi hili," Meneja akasema leo, macho yamemvimba, "limezidi."

"Na moshi wa jenereta."

"Na vumbi," akasema.

Dawa ya kila siku imeanza kunisaidia. Nilisoma taarifa nzima na "mkuu wa mkoa" akawa na m zake zote. Utabiri: mvua zinatarajiwa.

Alhamisi, Novemba 13

Joto. Nyasi za uwanjani zimekomaa, zimetoa mashuke, ukizigusa zinatoa unga wa njano. Mama anakohoa mchana sasa. Haongelei.

Jumapili, Novemba 16

Joto. Mtaa mzima unatazama juu. Mvua ikinyesha, mvua ikinyesha. Hata mimi.

Jumanne, Novemba 18

Naandika kwenye benchi la hospitali. Niandike kwa mpangilio, maana kichwa hakina mpangilio.

Jana alasiri anga lilibadilika likawa rangi ya chuma. Upepo ulitangulia. Ulizilaza nyasi za uwanjani chini kabisa, ukainua unga wake wote pamoja na vumbi la barabara, tukaona wingu la kahawia linapita dirishani. Kisha ngurumo. Umeme ukakatika, jenereta likawashwa, nikaingia kusoma taarifa ya saa kumi.

Nilipofika kwenye utabiri, karatasi yangu ilisema "vipindi vya jua". Nikaiweka chini. Nilikuwa na furaha, lazima niseme ukweli, furaha ya mtu aliyetumwa kusema uongo miezi mitatu na sasa ana jambo la kweli la kusema.

"Wasikilizaji," nikasema, "karatasi yangu inasema jua, lakini masikio yangu yanasikia ngurumo. Mvua imefika. Fungueni madirisha, tokeni nje, tuvute hewa safi jamani!"

Kitufe alinipigia makofi nyuma ya kioo. Tukafungua dirisha la studio. Matone makubwa, harufu ya udongo uliolowa, upepo wa baridi. Nikavuta pumzi ndefu.

Haikuingia yote.

Nilidhani ni msisimko. Nikavuta tena, na kifua kikajifunga kama mtu amekaza kamba. Nikatafuta inhela ya bluu kwenye mkoba, nikavuta. Nilipoinua kichwa nikamwona Kitufe, ambaye hajawahi kuugua mbele yangu, ameshika meza anakohoa. Na simu za studio zikaanza kulia.

"Dada, mtoto wangu anatoa mlio kifuani, nimpeleke wapi?" Nikamwelekeza. Simu nyingine: "Mume wangu hawezi kuongea." Nyingine: mtu hakusema kitu, nilisikia tu anavyohangaika na pumzi.

Nikapiga nyumbani. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwomba. Huyu mtu hajawahi kumpa mfanyakazi lifti hata ya kona moja. "Nani yuko nyumbani?" akauliza.

"Mama mkwe."

"Twende."

Barabara ilikuwa mto wa tope. Meneja alipita juu ya kingo za barabara inayojengwa, honi haiachii, na yeye mwenyewe pumzi zake zikipiga mluzi. Sikujua kama nimtazame yeye au barabara.

Nyumba ilikuwa wazi, mlango na madirisha yote. Mapazia yamelowa. Redio inaongea peke yake mezani. Nilimkuta kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nusu ndani nusu kwenye mvua, mikono magotini, mabega yamepanda mpaka masikioni. Shingo yake ilikuwa inaingia ndani kila alipovuta. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Ni," akasema. Akavuta. "Mafua." Akavuta. "Tu."

Hapo kitu kilinikatika ndani. Yale yote niliyokuwa nimeyameza tangu Septemba yakanitoka kwa neno moja, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele ya mzazi.

"Nyamaza!"

Akanyamaza. Nikachukua ile chupa yangu ya plastiki kutoka chooni, nikachomeka pampu ya bluu, nikamwekea mdomoni. Alinitazama. Macho ya mwalimu mkuu yale, lakini safari hii yalikuwa yananiuliza.

"Vuta, Mama. Polepole. Shikilia. Toa. Tena."

Meneja alimshika mgongo asianguke. Tulirudia, tukarudia, mpaka nikasikia ule mluzi kifuani unalegea kidogo. Kidogo tu. Tukambeba mpaka garini.

Hospitali sikuitambua. Watu walikuwa sakafuni, kwenye ngazi, wengine kwenye matoroli ya kubebea mizigo, kila mmoja mabega juu, na kulikuwa na kimya cha ajabu, maana asiye na pumzi hapigi kelele. Mama alipokelewa, akavishwa barakoa ya mashine ile inayotoa dawa kama mvuke. Mimi nikabaki koridoni.

Kulikuwa na mwanamke amempakata mtoto wa kike. Niliposema "samahani, nipite," alinigeukia.

"Ndiye wewe," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulituambia tufungue madirisha."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayehakikisha saa. Kisha akarudi kumtazama mwanawe.

Nilimdaka daktari wangu akipita mbio. "Ni nini hiki? Si mvua inasafisha hewa?"

"Mvua ya taratibu inasafisha. Dhoruba inafanya kinyume. Inaibeba chavua juu, unyevu unaipasua iwe punje ndogo ndogo, upepo unazishusha puani kwa watu. Punje nzima ingenasa puani. Hizi zinapita mpaka mapafuni. Na mapafu yenyewe yamechubuliwa na moshi msimu mzima." Alikuwa anaongea huku anatembea. "Wengi hapa hawajawahi kuwa na pumu. Walikuwa na chafya tu. Una redio, sivyo? Waambie wafunge!"

Nikampigia Kitufe. Akajibu kwa kukohoa. Nikamwambia aniunganishe hewani kwa simu. Sauti yangu ilikuwa imekatika vipande, na Meneja alinishikia simu.

"Wasikilizaji, saa kumi niliwaambia mfungue madirisha. Nilikosea. Fungeni madirisha. Ingieni ndani. Mwenye inhela avute. Anayebanwa na kifua, hata kama hajawahi kuugua, asiseme ni mafua. Aje hospitali sasa hivi. Nilikosea, nasema tena. Fungeni."

Nikarudia mpaka Meneja akaikata simu taratibu.

Jumatano, Novemba 19

Mama yuko wodini, na oksijeni puani. Leo ameweza kumaliza sentensi, na sentensi yenyewe ni hii: "Dawa yako ina ladha ya msumari."

Nikamwomba radhi kwa kumwambia anyamaze.

"Nimewanyamazisha watoto wa watu miaka yote," akasema. "Sikujua kama inauma hivyo." Akafumba macho, nikadhani amelala. "Niliogopa, mwanangu. Tangu mwezi jana nilikuwa naamka sina pumzi. Niliogopa kuambiwa ni kitu."

Nimemkasirikia miezi hii yote kwa ubishi. Kumbe kila alfajiri alikuwa anaificha hofu chini ya ufagio.

Ijumaa, Novemba 21

Nimesoma taarifa ya jioni. Wamekufa watu wanne mjini. Mmoja ni fundi baiskeli wa kona ya kituo, kijana ambaye kila mwaka alikuwa na chafya kama zangu na hakuwahi kwenda kwa daktari. Walikuwa wameniambia naweza kumwachia Meneja asome. Nilikataa. Kitufe aliweka kidole karibu na kitufe, akakitoa. Akaniachia nisome mpaka mwisho, na pale niliponyamaza, kimya kikaenda hewani kilivyo.

Nilimuuliza daktari kama ni mimi. Akasema dhoruba ilikuwa imeshafika, watu wangefungua tu, ni joto. Labda. Fundi baiskeli alikuwa na redio kibandani. Hilo daktari hawezi kulitoa, na mimi sikumwomba tena.

Jumapili, Novemba 23

Mume wangu amefika. Alianza, "Jamani, tuvumi—" nikamtazama. Akachukua beleshi, akaenda kuchimba shimo la taka, ardhi sasa ni laini. Alichimba mpaka shati likaloa. Sikumpelekea hata maji, halafu nikampelekea.

Jumanne, Novemba 25

Jenereta limehamishwa mpaka mwisho wa ua. Meneja amelifungia kwa mnyororo mnene kama wa meli, na hajasema neno. Nami sijamwambia asante. Tunaheshimiana sana siku hizi.

Mama ametoka hospitali na inhela zake mbili.

Jumamosi, Desemba 6

Mvua ya taratibu inanyesha siku ya tatu, ile ya kweli, bila ngurumo. Daktari amesema hii ni nzuri, tupumue. Kitufe amepona, mume wangu amerudi barabarani, na pua yangu ni pua ya mtu wa kawaida.

Lakini ndani ya nyumba hii hakuna anayepumua. Mama amefunga kila dirisha, ameziba nyufa kwa vitambaa, ameweka taulo chini ya mlango. Ananigongea alfajiri: "Umevuta?" Jioni: "Umevuta?" Jana alinifuata mpaka kituoni kuhakikisha, akakaa nyuma ya kioo na Kitufe, akamfundisha kushika chupa ya kuvutia dawa. Jirani aliyewasha majani yake alipata somo zima juu ya ukuta.

Sasa hivi tumekaa sebuleni, jasho linatutiririka, kioo cha dirisha kimejaa ukungu, na nje kuna hewa safi kuliko yote tuliyoipata mwaka huu.

"Mama," nimemwambia, "tufungue hata hili moja dogo. Dhoruba imepita. Hii ni mvua njema."

Hakuinua macho kwenye redio yake.

"Ulitangaza mwenyewe tufunge, mwanangu."